Pini ya Siku ya Pili

Wifi yangu ana urefu wa mlango wa kabati, na nusu ya urefu huo ni ukaidi. Nasema hivi kwa mapenzi. Akiyasikia haya atajibu kwamba mimi nimezidi mdomo, jambo ambalo hata mama yangu mzazi hakuwahi kulipinga. Miaka thelathini sasa ni mke wa kaka yangu, na kwa miaka ishirini na tisa kati ya hiyo amekuwa akiingia kwenye matumbo ya boti za watu, kule chini ya ngazi injini inakokaa, mahali ambapo mtu mzima wa kawaida huingiza kichwa na bega moja kisha akaanza kuomba msaada.

Fundi alikuwa kaka. Wifi aliingia kazini kwa bahati tu. Siku moja alimletea chakula yadi akamkuta amenuna, kwa sababu nati imedondoka nyuma ya injini na mkono wake haufiki. Wifi akavua viatu, akajipenyeza, akatoka na nati mdomoni kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa inamsaidia kurudi kinyumenyume. Kesho yake kaka akamwomba aje tena. Keshokutwa hakumwomba, alimwachia tu ovaroli kwenye kiti, imekunjwa miguu na kupindwa mikono.

Mimi ni mshona matanga. Chumba changu kinapakana na karakana yao, ukuta mmoja, na dirisha langu linatazama pale boti zinapopandishwa juu ya magogo zikatengenezwe. Kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Walikuwa na namna yao ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mafundi wengine. Kaka anakaa nje, chini ya boti, upande wa nyuma penye panga linalosukuma maji. Wifi yuko ndani, kwenye injini. Kati yao kuna ubavu mzito wa boti, na yadi nzima inapiga kelele za randa na grenda, kwa hiyo hata ukipasua koo husikiki. Wakabuni lugha ya kugonga. Kugonga mara moja ni simama. Mara mbili ni geuza, endelea. Mara tatu ni kazi imekwisha, asiiguse mtu. Nilikuwa nashona huku nasikiliza, na ilifika mahali nikawa najua wamegombana nyumbani kwa jinsi nyundo inavyotua.

Ila zile tatu zilikuwa na mwenyewe. Wifi akishakaza kila kitu, kaka alikuwa anapanda, anaingiza mkono hadi kwapani, anapapasa nati moja moja, anashuka, ndipo anagonga mara tatu. Miaka yote hiyo sikuwahi kusikia tatu zikitoka ndani. Wala sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Miaka mitatu iliyopita presha ya macho ikamchukua kaka kidogo kidogo mpaka giza likawa giza. Wifi akabaki peke yake na karakana. Watu wa yadi waliendelea kumwita Mke wa Fundi, hata pale ambapo fundi mwenyewe hajakanyaga yadi mwaka mzima. Msimamizi wetu si mtu mbaya, ila anapenda karatasi kuliko anavyopenda kula, na wifi hana karatasi hata moja inayosema anajua anachokijua. Kulikuwa na fundi mwingine, kijana wa makamo mwenye vyeti ndani ya nailoni, aliyekuwa anaitamani karakana ile. Msimamizi alikuwa anatafuta sababu tu ya kuamua.

Sababu ikaja na boti ya Mkunga.

Huyu Mkunga ni mama mstaafu aliyezalisha nusu ya watu wa pale yadi, na ana boti kuukuu ya matanga anayoipenda kama mtoto wa mwisho. Boti ilikuwa inaingiza maji kwa nyuma. Shafti, ule mtaimbo mrefu unaotoka kwenye injini, unapita ndani ya bomba na kutokea nje kulishika panga, ilikuwa imelika pale inapozungukia. Lazima itoke, iingie mpya. Na ili itoke, ni lazima kwanza iachane na flanji, yaani ile sahani nene ya chuma yenye shingo inayoushika mwisho wa shafti na kuufunga kwenye giaboksi.

Wifi alianza Alhamisi. Akafungua bolti, akafungua skrubu za kwenye shingo, akaweka kipande kifupi cha chuma kati ya giaboksi na mwisho wa shafti, kisha akarudisha bolti ndefu na kuzikaza kwa zamu, robo mzunguko hii, robo mzunguko ile, ili flanji ivutwe mbele na shafti isukumwe nyuma. Ndivyo inavyofanyika, na mara nyingi ndani ya saa moja unasikia mlio na mambo yamekwisha. Saa moja ikapita. Siku ikapita. Akamwaga oili ya kulegeza kutu, akaiacha ilale nayo. Akapasha moto kwa mtungi wa gesi, huku mimi nimeshika ndoo ya maji na roho yangu iko juu. Akagonga shingo kwa nyundo ndogo kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Jumatatu bolti moja ikakatika kwa kishindo, kipande kikapita karibu na sikio lake.

"Haijasogea hata unywele," alisema, akiwa bado amelala ubavu kule ndani.

"Wifi, toka huko. Litakuua hilo dude."

"Likiniua utapata nafasi ya kusema peke yako bila kukatizwa. Nipe spana ya kumi na saba."

Mkunga alikuja, akainama mlangoni, akasema katika kazi yake wakati kama huu huwa wanamwambia mama apumue. Tulicheka wote watatu, lakini kicheko cha wifi kilikuwa kifupi. Msimamizi alikuwa ameshapita asubuhi. Alisema Ijumaa kreni inashusha boti, apende asipende mtu, na ili shafti mpya iwahi kuingia, ya zamani iwe nje Jumatano saa sita mchana. Isipokuwa nje, yule mwenye vyeti ataingia na grenda, aikate shafti, na flanji, na ikibidi bomba lenyewe. Halafu akasema, bila kumtazama wifi, kwamba akishaingia ataanza pia kupanga vifaa vyake kwenye karakana.

Huyo ndiye niliyemtaja kwamba si mtu mbaya. Siku ile nilimwambia mengine.

Kitu kilichonichoma zaidi ni kwamba nyumbani wifi hakusema neno. Kila jioni kaka alimuuliza, "Kazi vipi?" naye akajibu, "Inaendelea." Nilikuwepo. Chumba chao cha mbele ni kidogo, kina meza, viti vitatu na rafu ambapo kila kitu kina mahali pake ili kaka asijikwae. Wifi alikuwa anamenya chungwa kwa vidole vilivyochubuka, anasema inaendelea. Aliona haya. Alidhani akimwambia, kaka atajua kwamba bila yeye hawezi.

Mimi nina mdomo usio na kufuli, na Jumanne wifi alipotoka kwenda kuoga nilimwaga yote. Siku sita. Bolti imekatika. Kesho saa sita grenda.

Kaka alikuwa ameshika kikombe. "Boti gani?"

"Ya Mkunga."

Alikitafuta kikombe mahali pake kwenye meza, akakitua taratibu. Bafuni maji yakakatika.

"Kesho asubuhi nipeleke yadi," alisema. "Usimwambie."

Hilo nililiweza, kwa shida.

Tulifika saa tatu. Wifi alikuwa ameketi chini ya boti na kipande cha mkate ambacho hakukila. Mkunga alikuwepo, msimamizi alikuwepo, na yule mwenye vyeti alikuwa ameshatandaza waya wa grenda mpaka miguuni pa ngazi. Wifi alipomwona kaka akasimama, kisha akanitazama mimi kwa jicho ambalo sitalisahau.

Kaka hakuzungusha maneno. "Mama," alisema, maana ndivyo anavyomwita, "kuna pini."

"Pini gani?"

"Imepita shingo ya flanji na shafti, imetokea upande wa pili. Nilitoboa tundu nikaipigilia mimi, nikaikata sawasawa na chuma, nikapaka rangi juu. Hata ungekaza mwaka mzima isingetoka."

"Lini? Mbona hii nilifunga mimi? Hii ndiyo ya kwanza niliyofunga mwenyewe toka mwanzo mpaka mwisho. Ukakagua. Ukagonga mara tatu."

"Nilirudi siku ya pili. Ulikuwa umempeleka mtoto kliniki."

Hapo inabidi nieleze. Miaka ishirini na miwili nyuma, mwezi mmoja kabla ya boti ya Mkunga kufungwa injini, shafti ya boti nyingine ilichomoka mwenye nayo alipotia gia ya nyuma. Ilitoka yote, ikabaki tundu, na maji yakaingia kama bomba la mtaa lililopasuka. Waliokuwamo waliokolewa na shati lililosokotwa na kupigiliwa kwenye lile tundu. Kaka ndiye aliyekuwa ameifunga ile. Hakuwahi kulala vizuri baada ya hapo, na hofu ile akaihamishia kwenye kazi ya mkewe.

"Nilikuwa nimefunga vibaya?" aliuliza wifi. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Sijui. Sikuangalia mara ya pili. Niliogopa tu, nikatoboa. Sikukuamini, na sikukwambia, na kila mwaka uliopita ikawa ngumu zaidi kukwambia."

Msimamizi alikohoa. Mkunga akamtazama mpaka akaacha. Nilidhani wifi ataondoka. Angeondoka nisingemlaumu, na ningebeba mkoba wake.

Alipanda ngazi. Tukasikia miguu yake sakafuni mwa boti, halafu kimya, halafu mkwaruzo wa ovaroli akijipenyeza. Kisha kutoka ndani zikaja mbili.

Geuza.

Kaka aliacha mkono wangu. Akanyoosha viganja vyote viwili mbele, akapiga hatua tatu chini ya boti ambayo hajaiona kwa miaka, na viganja vikatua juu ya panga kana kwamba lilikuwa linamngoja. Akaanza kuligeuza, polepole mno. Nilipanda mbio nikammulikie wifi tochi. Alikuwa amelala ubavu, shavu karibu ligusane na giaboksi, ameshika msasa juu ya shingo ya flanji, na shingo inazunguka chini ya vidole vyake ikiacha kutu na rangi. Mbele ya macho yangu kilipita chuma, chuma, chuma kitupu. Akagonga mara moja. Panga likasimama hapohapo, bila kupitiliza hata kidogo. Akasugua. Hapana. Mara mbili. Likaendelea. Watu wawili waliokuwa hawajasemezana vizuri tangu asubuhi, mmoja haoni, mwingine haonekani, na kile kichuma kati yao kinatii kama kina akili. Nimekaa ukuta mmoja nao karibu miaka thelathini nikisikia nyundo zile, na sikuwa nimejua nilichokuwa nasikia.

Mara moja.

"Wifi, sogeza mwanga."

Palikuwa na kiduara. Kidogo kuliko kitufe cha shati, rangi yake imepishana kidogo tu na chuma kinachokizunguka. Kama hukuambiwa kipo, ungekipita mara mia.

Alikitia alama katikati, akachukua kipande cha chuma chembamba butu, akakiweka juu ya kiduara na kuanza kupiga. Mle ndani hakuna nafasi ya kurusha mkono. Nyundo ilikuwa inasafiri umbali wa kiganja tu, na ilibidi kila pigo litue wima kabisa, la sivyo chuma kingeteleza. Alipiga zaidi ya dakika arobaini. Nilikuwa nahesabu mapigo nikapotea. Jasho lilikuwa linamwingia machoni, naye hakulifuta, alifumba jicho moja akaendelea na jingine. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito, na kitu kikadondoka chini ya injini, ti.

Nilikiokota mimi. Kipini cha urefu wa kidole cha mwisho. Nikakitia mfukoni mwa aproni.

Saa sita kasorobo. Akarudisha kile kipande kifupi, akarudisha bolti. Robo hii. Robo ile. Nilimsikia akihema kwa pua. Robo hii. Na boti nzima ikatoa mlio mmoja mkali, kutoka nyuma mpaka kwenye mlingoti, mlio uliowafanya watu wa randa wanyamaze, na mbele yangu shafti ikasogea. Upana wa kucha tu. Baada ya siku saba, upana wa kucha. Nilipiga kelele ambayo naambiwa ilisikika getini.

Kilichofuata kilikuwa laini kiasi cha kushangaza. Usukani wa boti ulikunjwa upande mmoja kuacha njia, panga likafunguliwa, wifi akashuka akashika kutoka nje, kaka akashika nyuma yake, na shafti ikaanza kutoka kwenye bomba, nyeusi, inadondosha mafuta na maji ya miaka, ndefu kuliko nilivyodhani kitu kinaweza kufichwa mle. Ilitoka, ikaendelea kutoka. Mkunga alikuwa ameshaingia chini na kanga mikononi kuupokea mwisho wake. "Polepole, polepole, usivute," alikuwa anasema, na sidhani hata alijua anasema.

Walipoilaza juu ya magogo tukaona. Pale ilipokuwa inazungukia, katikati, ilikuwa imelika kweli. Lakini mwisho wake, mle ndani ya shingo ambamo wifi aliifunga kwa mikono yake miaka ishirini na miwili iliyopita, chuma kilikuwa kinang'aa. Ungeweza kujitazama. Hakuna kutu, hakuna mkwaruzo, hakuna alama kwamba kiliwahi kuhama hata mara moja.

Nikakumbuka mfuko wangu. Nikamtia kaka pini mkononi.

Aliipitisha ukucha kutoka ncha hadi ncha, akaigeuza, akapitisha tena. Najua alichokuwa anatafuta, maana alishanifundisha zamani kwa kuringa. Shafti ikiwa inacheza ndani ya shingo, hata kwa kiasi kisichoonekana, pini inaliwa na kuwa na kidaraja, kijingazi ambacho ukucha unakwama.

"Kuna kovu moja," alisema. "Jipya. Hilo ni la kukaza kwenu juma hili." Akaupitisha ukucha mara ya tatu. "Hakuna jingine."

Akageuka upande alikomsikia msimamizi akipumua. "Pini hii haijafanya kazi hata siku moja. Miaka ishirini na miwili boti hii imekwenda na kurudi kwa mkono wa huyu mama peke yake. Nilichofanya mimi ni kumwekea kizuizi."

Msimamizi aliitazama shafti, akaitazama saa yake. Kisha akamwambia yule mwenye vyeti akunje waya wake. Alipokuwa akisema hivyo, yule kijana alikuwa amechuchumaa anauchungulia ule mwisho unaong'aa, na kwa haki yake niseme, alikuwa ameshaanza kuukunja.

Wifi hakulia, kama mnangoja alie. Alinawa mikono kwa unga wa sabuni, akachukua pini kwa mumewe, na kwa siku mbili nzima alimsemesha kwa maneno ya lazima tu. Ila kila asubuhi, kabla hajatoka, alimtilia ile pini mfukoni mwa shati. Kaka aliibeba. Hakuthubutu kuuliza mpaka lini.

Ijumaa asubuhi shafti mpya ikaingia. Kreni ilikuwa imeshafika, mikanda inaning'inia. Kaka alisimama nje mahali pake, kiganja juu ya panga, nami nikasimama naye. Ndani tulisikia spana, kisha waya wa kufungia skrubu ukikatwa, kisha hatukusikia kitu. Nilijua sasa ni zamu yake. Nikamshika kiwiko ili nimwongoze kwenye ngazi akapapase nati zake, kama alivyofanya siku zote.

Hakusogea.

Kutoka ndani ikagongwa mara moja. Nikadhani kuna tatizo. Ikagongwa ya pili. Halafu, baada ya kitambo ambacho nilikiona kirefu kuliko zile siku saba, ikaja ya tatu.

Kaka aliondoa mkono kwenye panga, akaufuta kwenye suruali, na kumpungia mtu wa kreni anyanyue.

"Hupandi kukagua?" nilimuuliza.

"Umeisikia kazi ikiisha," alisema. "Nishike mkono tutoke chini ya boti ya watu."